Nilichokipata kwa kusoma saikolojia katika chuo kikuu cha Kikristo

Ndugu yangu, umeuliza kama shahada ya saikolojia kutoka chuo kikuu cha Kikristo ni nusu sayansi na nusu mahubiri, na kama mtu anaweza kuhitimu huko akiwa na imani yake pamoja na taaluma inayoheshimika. Nimeona nikujibu kwa kirefu, kwa kuwa maswali hayo nilikuwa nayo mimi mwenyewe kabla ya kujiunga. Kwa niliyoyaona, jambo linaloamua ni kama wahadhiri wako wanakubali swali gumu libaki mezani hadi lichunguzwe vizuri, au wanalifunika kwa aya ya Biblia kabla halijamalizika kuulizwa.

Masomo ya msingi hayakutofautiana na ya vyuo vingine. Tulisoma takwimu, mbinu za utafiti, ukuaji wa mtoto, mfumo wa neva na magonjwa ya akili, tukianzia na maabara ya saikolojia aliyoifungua Wilhelm Wundt mjini Leipzig, Ujerumani, mwaka 1879. Tofauti ilijitokeza tulipofika kwa Sigmund Freud, daktari wa Austria aliyeanzisha tiba ya kuchunguza mambo yaliyofichika akilini, ambaye mwaka 1927 alichapisha kitabu akieleza kwamba dini inatokana na tamanio la binadamu la kuwa na baba wa kumlinda. Mhadhiri wetu alitutaka tuandike hoja ya Freud kwa nguvu zake zote, kana kwamba ni yetu, na akakataa kusahihisha insha yoyote iliyoanza kumpinga katika ukurasa wa kwanza. Siku zile niliona ni ukatili, lakini sasa namshukuru, maana imani yangu haikupungua kwa kumwelewa Freud, na nilijifunza kumsikiliza mtu nisiyekubaliana naye hadi amalize.

Utafiti uliotugusa kuliko yote ni ule wa wanasaikolojia John Darley na Daniel Batson wa mwaka 1973. Waliwachukua wanafunzi 40 wa seminari ya teolojia ya Princeton, Marekani, wakawatuma mmoja mmoja kwenda jengo jingine kutoa hotuba fupi, baadhi yao kuhusu mfano wa Msamaria Mwema, na njiani wakaweka mtu aliyejikunja mlangoni akikohoa na kugugumia kwa maumivu. Kati ya wale ambao hawakuwa na haraka, asilimia 63 walitoa msaada, ilhali kati ya walioambiwa kwamba wamechelewa ni asilimia 10 tu. Kuwa na Msamaria Mwema kichwani hakukuleta tofauti ya maana kitakwimu. Darasa zima lilikaa kimya, kwa sababu wengi wetu tulikuwa tumetoka ibadani saa moja kabla, na hakuna aliyeweza kukumbuka aliyempita njiani. Sidhani kama darasa la chuo kingine lingeumizwa na takwimu zile kwa namna ileile.

Katika mafunzo kwa vitendo nilipewa mteja wa kwanza, mama aliyefiwa na mtoto, na mazungumzo yetu yalirekodiwa kwa ridhaa yake ili msimamizi wangu ayasikilize. Aliposema kwamba hawezi tena kukiingia chumba cha mtoto, nilimjibu upesi kwamba Mungu ana makusudi yake. Msimamizi, ambaye pia alikuwa mchungaji, alisimamisha rekodi mahali hapo, akairudisha nyuma, kisha akaniuliza, "Umesikia alivyonyamaza?" Nilikuwa sijasikia. Aliniambia kuwa marafiki wa Ayubu walifanya vyema siku saba walizokaa naye chini bila kusema neno, na kwamba maneno yale niliyatamka ili kujituliza mimi, wala si yule mama. Tangu hapo sizungumzii imani na mteja mpaka yeye mwenyewe aifungulie mlango.

Sitakuficha kwamba yapo pia yaliyoniumiza. Mhadhiri mmoja alifundisha kwamba sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, ni upungufu wa imani, na mwanafunzi mwenzetu aliyekuwa akitumia dawa akaacha kabisa kuzungumza darasani. Fundisho hilo ni kosa la kitaaluma, na kwa maoni yangu ni kosa la kichungaji vilevile. Usichanganye pia shahada ya saikolojia na ile ya ushauri wa kichungaji. Wapo wanaofuata msimamo wa mchungaji Mmarekani Jay Adams, ambaye tangu mwaka 1970 alisisitiza kwamba Maandiko yanamtosha mshauri. Shahada iliyojengwa juu ya msimamo huo inaweza kukuandaa kuhudumu kanisani, lakini isikupe sifa ya kusajiliwa kama mwanasaikolojia.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa ada, hakikisha programu yenyewe ina ithibati ya mamlaka husika, kwa sababu ithibati ya chuo peke yake haitoshi, na uliza saa ngapi za mafunzo kwa vitendo husimamiwa na mtu mwenye leseni. Soma neno kwa neno tamko la imani utakalotakiwa kulitia saini, hasa adhabu za anayekiuka kanuni za maadili ya chuo. Ukipata nafasi, kaa nyuma katika mhadhara mmoja na usikilize mwanafunzi anayeuliza swali la shaka anajibiwaje.