Kwa nini nitroksi 32 inaishia mita 33?

Mkuu, umeuliza gesi zikichanganywa kwenye mtungi kila moja inatoa presha kiasi gani, halafu ukauliza kwa nini nitroksi 32, gesi ya wazamiaji yenye oksijeni asilimia 32 badala ya 21 ya hewa, hairuhusiwi kwenda chini sana. Jibu ni lile lile. Kazi yangu ni kujaza mitungi na kushuka na wageni huku Nungwi, kwa hiyo nitajibu kwa mitungi.

Mwaka 1801 Mwingereza John Dalton alieleza kwamba kila gesi inasukuma kama vile iko peke yake mle ndani, na presha ya jumla ni hizo zote zikijumlishwa. Ni mchango wa harusi: kila mtu anatoa chake bila kujali jirani katoa ngapi. Geji inasoma jumla tu, haikutajii nani katoa nini.

Nitroksi 32 naichanganya hivi. Mtungi ukiwa mtupu, naingiza oksijeni tupu polepole hadi presha ya bar 28, kisha hewa ya kompresa hadi 200. Hewa niliyoongeza ni bar 172, na asilimia 21 yake, yaani bar 36, ni oksijeni. 28 na 36 ni 64. Gawa kwa 200, unapata asilimia 32. Acha mtungi upoe kwanza ndipo usome geji, joto linadanganya. Na usiguse kazi hii kama mtungi na valvu havijasafishwa kwa ajili ya oksijeni. Grisi kidogo tu inaweza kuwaka moto.

Sasa twende chini. Juu ya maji presha ni bar 1, na kila mita 10 inaongeza bar 1 nyingine, kwa hiyo mita 30 ni bar 4. Ukivuta hewa ya kawaida pale, oksijeni inachangia 0.84 na naitrojeni 3.16. Hapo ndipo baadhi ya wageni wanaanza kuchekacheka na kusahau geji zao: naitrojeni imewalewesha. Asilimia ni zile zile za ufukweni, ila mwili hauhesabu asilimia, unahesabu presha ya kila gesi.

Kwa nitroksi 32 kina hicho hicho, naitrojeni inashuka hadi 2.72, ndiyo maana unaweza kukaa muda mrefu zaidi. Oksijeni nayo inapanda hadi 1.28. Kikomo chetu cha presha ya oksijeni ni bar 1.4. Gawa kwa 0.32 unapata bar 4.375, yaani mita 33 na ushee. Ukifika mita 40 oksijeni ni 1.6, na degedege inayoletwa na presha hiyo ya oksijeni iko jirani. Ukipata degedege majini, kifaa cha kupumulia kinakutoka mdomoni. Kwa hewa ya kawaida 1.4 iko mita 56, ambako mgeni wa likizo hana shughuli yoyote.

Kitu ambacho hukuuliza ila kinanisumbua zaidi ni kaboni monoksidi, gesi ya sumu iliyo kwenye moshi. Kompresa ikivuta moshi wa jenereta, sehemu 10 tu katika milioni, mzamiaji wa mita 30 inamwathiri kama sehemu 40 akiwa juu, na haina harufu. Kaskazi ikiondoka na kusi kuingia, bomba la kuvutia hewa nalihamishia upande wa pili wa banda.