Barua zilizoiokoa Star Trek

Umeuliza kama mashabiki wamewahi kuokoa tamthilia ya bunilizi ya kisayansi iliyokuwa hatarini kufutwa. Wamewahi: Bjo Trimble na mumewe John waliwahimiza watazamaji wa Star Trek kukiandikia kituo cha NBC cha Marekani, na barua zikamiminika kiasi kwamba Machi 1968 kituo kilitangaza hewani, mara baada ya kipindi, kuwa tamthilia ingeendelea kwa msimu wa tatu. Ni kweli kwamba ilihamishiwa Ijumaa saa nne usiku, muda mbaya kwa vijana, ikakoma 1969. Hata hivyo naithamini sana kazi yao, kwa sababu msimu huo wa tatu ulifikisha jumla ya vipindi vyote kuwa 79, hazina iliyoviwezesha vituo vingine kuirudia kwa miaka mingi na kuipatia mashabiki wapya.