Urujuanimno wa Ziada katika Makundi ya Galaksi

SWALI: Nimesoma kwamba baadhi ya makundi ya galaksi hutoa miale ya urujuanimno mingi kuliko gesi yake inavyoweza kutoa. Ziada hiyo inatoka wapi?

JIBU: Ndugu msomaji, gesi iliyotanda kati ya galaksi za kundi ina joto la makumi ya mamilioni ya nyuzi, nayo hung'aa hasa kwa eksirei, ukishazipima eksirei hizo, unaweza kukokotoa urujuanimno unaopaswa kuambatana nazo. Mwaka 1996 Richard Lieu na wenzake, wakitumia satelaiti ya Marekani ya EUVE, walitangaza kwamba katika kundi la Virgo miale hiyo ilizidi hesabu. Kundi la Coma nalo likaonekana vivyo hivyo.

Kabla ya kutafuta chanzo, hatuna budi kujua ni ziada ipi iliyo ya kweli. Stuart Bowyer na wenzake walionyesha kwamba kigunduzi cha EUVE hakikupokea miale kwa usawa kila mahali, hivyo anayekichukulia kuwa sawasawa hubakiwa na duara la mwanga ambalo halimo angani. Waliporekebisha kasoro hiyo, ziada ya makundi ya Abell 1795 na Abell 2199 ilitoweka, lakini ile ya Virgo na Coma ilibaki.

Wapo waliodhani kuwa chanzo chake ni gesi nyingine, yenye joto la nyuzi milioni moja hivi. Dhana hiyo hainiridhishi, kwa sababu gesi ya namna hiyo hupoa upesi mno na ingehitaji kupashwa moto bila kukoma.

Naona hoja ya kwamba chanzo ni elektroni ina nguvu zaidi. Elektroni iendayo karibu na kasi ya nuru, yenye nishati mara 300 hivi ya ile iliyo nayo ikiwa imetulia, inapogonga fotoni (chembe ya nuru) hafifu ya mnururisho uliosalia tangu Mlipuko Mkuu ulioanzisha ulimwengu, huiongezea nishati zaidi ya mara 100,000, na fotoni hiyo huwa urujuanimno. Elektroni zenye nguvu kuzidi hizo, zile zitoazo mawimbi ya redio, huishiwa nishati mapema. Lakini hizi za mara 300 huweza kudumu mabilioni ya miaka. Kwa hiyo huenda zilirushwa na mashimo meusi, au na mawimbi ya mshtuko wakati makundi madogo yalipogongana na kuungana, zamani sana, na hadi leo bado zinazigonga fotoni hizo.