Karatasi kwanza, nyundo baadaye: niliyojifunza nikiunda gari la spoti nyumbani

Mwaka 2011, Chuo Kikuu cha Makerere kilipoonyesha gari lake la umeme la viti viwili, Kiira EV, nilikuwa mwalimu kijana wa fizikia hapa Jinja, nikajiaminisha kwamba ikiwa wenzetu wa Kampala wameunda gari zima, basi nami katika kibanda changu cha mabati huku Walukuba sitashindwa kuunda walau bodi. Kosa langu la kwanza lilikuwa kuchagua kwa macho. Nilitaka nakala ya AC Cobra, gari la mwaka 1962 lililopatikana pale Mmarekani Carroll Shelby alipotia injini ya V8 ya Ford katika gari jepesi la Kiingereza lenye bodi ya alumini. Uzuri wake hauna ubishi, lakini karibu kila bati lake limepinda pande mbili kwa wakati mmoja, kama kibuyu, na mtu anayeanza hana pa kushika. Likizo nzima ilikwisha nikiwa na mabati matatu yaliyopasuka na nyundo moja isiyo na mpini.

Ukiniuliza leo, nitakuelekeza kwenye gari la aina ya Lotus Seven, ambalo Colin Chapman, mwanzilishi wa kampuni ya Lotus ya Uingereza, alilitoa mwaka 1957 na ambalo kampuni ya Caterham inaliunda tangu 1973. Mbavu zake na mgongo wake ni bati lililokunjwa upande mmoja tu, kazi unayoweza kuifanya kwa kulilaza juu ya bomba na kulisukuma kwa viganja. Kazi ya nyundo hubaki kwenye pua na madigadi. Hata Lotus wenyewe, walipotoa toleo la pili mwaka 1960, waliviunda vipande hivyo kwa fibaglasi, kwa hiyo pua ikikushinda usione haya.

Kuhusu bati lenyewe, tafuta alumini laini ya namba 1050 au 3003, yenye unene wa milimita 1.2 hadi 1.5, na usikubali kuuziwa bati la kuezekea kwa sababu tu linang'aa. Lile limekakamazwa kiwandani na hupasuka kwenye ukingo kabla hujapata umbo. Alumini ya namba 6061 iliyokakamazwa inafaa kwa vishikizo, si kwa bodi.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo ningelipenda mtu anieleze mapema. Bati bapa haliwi bakuli kwa kupigwa tu. Ama linatanuliwa katikati likawa jembamba, ama linakusanywa kingoni likawa nene, na anayeanza hutanua kila kitu kwa kuwa ndicho ambacho nyundo hufanya kirahisi. Mimi nilitanua pua mpaka katikati pakawa kama ganda la yai huku kingo zikipeperuka kama sketi. Njia ya kujua bati linataka nini ni karatasi. Unda kwanza umbo la gari kwa vipande vya plaiwudi vilivyosimamishwa kila sentimita 10 hadi 15, kisha lifunike kwa karatasi ngumu kiasi, uibane kwa mikono ilale. Pale karatasi inapofanya mikunjo, pana ziada, na bati lako litahitaji kukusanywa. Pale inapogoma kulala mpaka uichane, na mchano ukafunguka, bati litahitaji kutanuliwa kwa kiasi kilekile cha mwanya. Andika juu ya karatasi hiyohiyo, kwa penseli, ndipo uikate alumini kwa kuifuata, ukiacha sentimita mbili za ziada kila upande.

Kutanua hufanyika juu ya mfuko wa mchanga. Wangu niliushona kwa turubai la lori, nikaujaza mchanga wa ziwa uliochekechwa na kukaushwa, nikauweka juu ya gogo la mwembe. Kukusanya ni kazi ya subira zaidi: unakunja ukingo kwa koleo mpaka ufanye kipindo kidogo kama cha sambusa, halafu unakipiga kwa nyundo ya mti kuanzia kwenye ncha yake ya ndani, ili bati liingie ndani ya lenyewe badala ya kukimbilia nje.

Aliyenifundisha kusikiliza ni mzee mmoja wa karibu na soko, fundi wa sufuria wa miaka mingi, ambaye alipita akanikuta natokwa jasho. Alisimama akasikiliza, wala hakuangalia. "Mwalimu," akaniambia, "hilo bati limechoka. Lipeleke motoni likapumzike." Nilimjibu, "Mzee wangu, nikilipeleka motoni linatoboka." Akacheka, akaagiza sabuni.

Bati laini hupokea nyundo kwa sauti nzito. Likishakakamaa kwa mapigo, sauti hupanda na nyundo huanza kudunda mkononi. Hapo acha, ulilainishe tena. Tatizo ni kwamba alumini huyeyuka kwenye nyuzi joto 660 za Selsiasi bila kuwa nyekundu kwanza kama chuma; hubaki na rangi yake ya fedha, mara shimo. Kwa hiyo paka sabuni ya mche juu ya bati, pitisha moto wa gesi bila kuutuliza mahali pamoja, na sabuni ikigeuka kahawia iliyokolea kuelekea weusi, ondoa moto papo hapo. Liache lipoe. Pua yangu ilirudi motoni mara saba.

Kuchomelea sitakueleza kwa kirefu, maana huko mkono hujifunza kwa vipande chakavu. Jua tu kwamba ngozi ya oksidi iliyo juu ya alumini huyeyuka kwa zaidi ya nyuzi 2,000, ndiyo maana isugue kwa brashi ya chuma kisichoshika kutu ambayo haijagusa chuma kingine. Ukitumia gesi na dawa ya unga ya kuchomelea, ile inayoondoa oksidi, osha pande zote mbili kwa maji ya moto, la sivyo dawa itakula bati chini ya rangi. Na bodi isigusane moja kwa moja na chasisi ya chuma. Kwa unyevu wetu wa ziwani, alumini ndiyo itakayoliwa. Mimi niliweka ukanda wa mpira kila mahali.

Injini itafute humu nchini, na uwaone wakaguzi wa magari kabla ya kuunganisha chasisi, si baada. Tangu 2018 sheria ya Uganda inazuia kuingiza gari lenye umri wa miaka 15 au zaidi, kwa hiyo usijenge mipango juu ya gari kuukuu la kuagiza.

Madigadi ya kushoto niliyaunda kwa karatasi ileile ya kulia niliyoigeuza, na bado yametofautiana kwa milimita sita. Kutoka barabarani tofauti hiyo haionekani, ila kila asubuhi mke wangu akipita na ndoo huyatazama madigadi hayo na kuuliza kama lile la upande wa pili limeshakua.