Kabla Hujaanza Kuvuta Nyumba Marekani

"Kaka, shikamoo. Nasikia unavuta nyumba. Hiyo kazi inalipa?" Simu ya namna hii naipata karibu kila mwezi, mara nyingi kutoka kwa kijana wa nyumbani aliyechoka kubeba maboksi Texas au Ohio. Kazi yenyewe ni kukokota kwa lori nyumba nzima zilizojengwa kiwandani. Jibu langu ni lilelile: inalipa siku unayotembea. Siku usiyotembea, unakula akiba yako.

Udereva nilianzia njia ya Dar–Tunduma, nikipanda na kushuka Kitonga na kontena za Lubumbashi. Kwa hiyo nilipofika kaskazini mwa Alabama, kwenye viwanda vya hizi nyumba za magurudumu, nilijiona mkubwa wa fani. Nyumba ya kwanza ilinishusha. Kontena lina upana wa futi 8. Ile nyumba ilikuwa na futi 16 kwa upana na 76 kwa urefu, na leni ya barabara kuu huko ni futi 12. Tena haipandishwi juu ya tela. Yenyewe ndiyo tela: chini ina chasisi, ekseli na magurudumu, na unainasa kwenye gololi moja ya chuma unayoweza kuifumbata kiganjani. Basi unaegemea ukingoni, na vijijini ukingoni ndiko yalikopangwa masanduku ya barua ya watu. Mwezi wa kwanza nilinunulia watu masanduku mawili.

Matairi ndiyo yatakayokulisha au kukufilisi. Nyumba ikishafikishwa, ekseli na magurudumu hufunguliwa yakafungwe kwenye nyumba nyingine, kwa hiyo tairi unalokabidhiwa huenda limeshapiga safari kadhaa na kulala juani nyuma ya kiwanda. Ni dogo, la rimu ya inchi 14.5, na limebebeshwa karibu na mwisho wa uwezo wake. Usilipige teke ukasema liko sawa. Pima upepo moja baada ya jingine, hata la ndani linalokulazimu ulale chali kwenye matope. Ukishatembea maili 20 hivi, simama, sogeza mgongo wa mkono karibu na kila habu, yaani kitovu cha gurudumu. Yenye joto kuliko wenzake ina beringi inayokufa au breki iliyong'ang'ania.

Siku moja, karibu na Tupelo, Mississippi, niliisikia habu ya moto nikajifanya sijaisikia, maana jua lilikuwa linashuka na nilitaka kufika. Maili chache mbele, jamaa wa gari la kusindikiza akaniita kwenye redio: "Mzee, gurudumu lako limekutangulia." Kweli, lilikuwa mbele yangu, linaruka bondeni kuelekea shambani kama mbuzi aliyekata kamba. Kibali kinaturuhusu kutembea mchana tu. Tulilala hapohapo.

Upepo mwingine ni wa nje. Nyumba kubwa husafirishwa kwa vipande viwili, na upande ulio wazi hufunikwa kwa nailoni. Majimbo kadhaa yanakataza kutembea upepo ukifika maili 25 kwa saa, lakini anayekupangia safari, aliyekaa ofisini na kikombe cha kahawa, atakwambia "jaribu taratibu." Kataa. Faini ina jina lako, na leseni ni yako.

Vibali ni kazi ya kusoma, si ya kubahatisha. Kila jimbo linatoa chake na linakutajia barabara moja moja. Ukipitiliza njia ya kutokea, usijitafutie njia ya mkato kama tulivyokuwa tukikwepa foleni nyumbani. Simama pasipo na hatari, mwambie msindikizaji, piga simu. Ukiacha njia uliyoandikiwa, kibali hakikulindi tena.

Kwenye pesa nilikosea vibaya. Nilikodi kichwa cha lori kutoka kwa kampuni ileile iliyonipa kazi. Upepo ukivuma wiki nzima, mimi silipwi, lakini kodi inakatwa. Kuna wiki ya Machi nilibaki na dola 41. Ingia ukiwa na matumizi ya miezi mitatu pembeni, na kama lazima ukodi, kodi kwa mtu asiyekupa mizigo.

Ukiombwa kuhamisha nyumba kuukuu, zunguka nyuma utafute kibati chekundu. Nyumba zilizojengwa baada ya Juni 1976 chini ya kanuni ya HUD, wizara ya nyumba ya Marekani, huwa nacho. Kisipokuwepo, uliza maswali mengi, kisha ingia uvunguni na tochi uigonge chasisi kwa nyundo. Ikimwaga kutu, achana nayo hata kama mwenye nyumba ni rafiki yako.

Leseni ni Daraja A, ile ya malori yenye tela, na tangu Februari 2022 lazima upitie mafunzo kwenye shule iliyosajiliwa na serikali ya shirikisho. Na Kiingereza, mdogo wangu, usikichezee. Sharti lenyewe ni la miaka mingi, ila tangu Juni 2025 limekazwa: mkaguzi akiona huwezi kujieleza wala kusoma alama, safari yako inaishia hapo. Fanya mazoezi ya kujibu kwa sauti unatoka wapi, umebeba nini, unakwenda wapi.

Kama baada ya haya yote bado unaitaka, nipigie jua likishazama. Saa hizo hakuna nyumba inayoruhusiwa kutembea, nitapokea.