Klia Hairudi: Kwa Unayeanza Kupiga Magari Polishi

Mashine ya polishi haizibi mkwaruzo. Naanza na hilo kwa sababu vijana wengi wanaokuja kujifunza kazi hii hapa Kisumu huamini kampaundi, ile dawa ya kusugulia, huingia ndani ya mkwaruzo na kuujaza. Sivyo. Unachofanya ni kuila klia, yaani tabaka angavu la juu linaloikinga rangi, iliyo pande zote mbili za mkwaruzo, mpaka uso wote ushuke na kulingana. Ukingo ukiisha, mwanga hauna pa kugonga na jicho halioni kitu. Kwa hiyo kila mng'ao unaouleta umeutoa kwenye klia ya mwenye gari, na klia hairudi.

Akiba yenyewe ni ndogo. Magari mengi ya kisasa yana klia ya mikroni 40 hadi 50 hivi, na unywele mmoja wa kichwani ni kama mikroni 70. Halafu hujui waliokutangulia walikula kiasi gani. Magari mengi tunayoshika yameingia nchini yakiwa yametumika. Sheria inataka yasizidi miaka 8, lakini hakuna karatasi inayokuonyesha yamepigwa polishi mara ngapi kabla ya kufika kwako. Mimi hulishika kila gari nikichukulia kwamba klia yake imeshapungua.

Ndiyo maana kazi huanza na ukucha. Upitishe ukiukata mkwaruzo, usiufuate. Ukiteleza bila kukwama, mkwaruzo uko juu juu na mashine itautoa. Ukikwama, usimwahidi mwenye gari kwamba utaisha, mwambie utafifia. Maji nayo husaidia: lowesha mahali hapo, na mkwaruzo ukipotea kisha ukarudi pakikauka, haujavuka klia. Ukiona praima (rangi ya chini kabisa) au chuma, hiyo si kazi yako, mpeleke kwa fundi wa rangi.

Ile mikwaruzo myembamba inayofanana na utando wa buibui jua likiipiga boneti, mingi huletwa na kitambaa cha kuoshea. Kitambaa kimesugua magurudumu, kimerudi kwenye ndoo ileile, kisha kimepanda juu ya gari na mchanga wake. Tumia ndoo mbili, moja ya sabuni na moja ya kusuuzia, na magurudumu yawe na kitambaa chake peke yake. Wale wadudu wadogo wa ziwani wanaojibandika kwenye bampa usiku uwaloweshe kwanza wakalainika. Ukiwasugua wakavu unaongeza mikwaruzo.

Gari likishaoshwa na kukauka, vaa karatasi ya plastiki ya mkate mkononi kama glavu upapase rangi polepole. (Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku 2017, lakini karatasi ya mkate inafanya kazi hii vizuri sana.) Utahisi chembe ambazo vidole vitupu havizisikii. Sisi wa jua kali tunazipata nyingi, kwa sababu jirani anakata vyuma na cheche zake zinatua kwenye magari na kuganda. Chembe hizo hutolewa kwa klei, udongo laini wa kusafishia rangi ya gari, na maji ya sabuni, kwa mkono mwepesi. Klei ikianguka chini, itupe hata kama ni mpya. Chembe ikibaki, pedi, ile sehemu laini ya mashine inayogusa rangi, itaikokota kwenye mlango mzima.

Kuhusu mashine nina ombi moja zito: usifunge pedi kwenye grainda ya kukatia vyuma. Najua ndiyo iliyo karibu, na najua bei ya mashine ya polishi. Lakini grainda ndogo huzunguka kama mara 11,000 kwa dakika, na kazi hii mara nyingi haihitaji hata 2,000. Ukiweza, anza na mashine inayozunguka huku ikiyumba. Ukiikandamiza kupita kiasi inaacha kuzunguka, nayo hukusamehe. Piga mstari wa kalamu ya maka pembeni mwa sahani inayoshika pedi, uone kama kweli inazunguka. Ile ya kuzunguka tu hukata haraka, ila inachemsha rangi haraka vilevile.

Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa na hiyo ya kuzunguka tu, pedi ya manyoya, na gari la saluni la buluu iliyoiva. Mlango wake ulikuwa na mstari uliojikunja katikati, kutoka mbele hadi nyuma. Nilikuwa na haraka, nikaacha kubandika tepu. Kwenye mikunjo na kingo klia huwa nyembamba zaidi, na pedi hugusa sehemu ndogo kwa nguvu yake yote. Nilisikia harufu ya kuungua kabla sijaona kitu. Nilipoinua mashine palikuwa na doa lililofifia, ukubwa wa sarafu ya shilingi 20, na manyoya ya pedi yamekuwa ya buluu. Nililipia rangi ya mlango mzima kutoka mfukoni mwangu. Tangu siku hiyo kila ukingo, kila mkunjo na kila mpira wa kioo hupata tepu kwanza. Usiishie kwenye tepu tu. Angalia pedi yako pia. Ikichukua rangi ya gari, simama. Ama umemaliza klia, ama gari hilo halikuwekwa klia tangu mwanzo.

Mambo ya jua hayana mjadala. Saa sita mchana hapa Kisumu boneti haishikiki, na kampaundi inakauka ikawa unga kabla haijafanya kazi. Fanya asubuhi au kivulini, bodi ikiwa baridi.

Sasa chagua kipande cha sentimita 50 kwa 50 cha kujaribia. Anza na pedi laini na polishi laini. Wengi hurukia kampaundi kali kwa sababu inaonyesha matokeo upesi, na hapo ndipo klia inapopotea bure. Ikiwa laini imetosha, umeokoa klia. Isipotosha, panda hatua moja tu ujaribu tena. Weka matone manne, kila moja kama punje ya dengu, uyapake kwa kasi ndogo ya mashine ndipo uiongeze. Nenda kwa mlalo kisha kwa wima, kila mpito ukifunika nusu ya uliotangulia, polepole kiasi kwamba anayekutazama atadhani umechoka. Ukimaliza kipande, safisha pedi kwa brashi kabla ya kinachofuata.

Usiamini mng'ao wa kwanza. Mafuta ya polishi hujificha ndani ya mikwaruzo na kuifunika kwa muda, kisha mikwaruzo huonekana tena gari likioshwa mara mbili tatu. Futa kwa alkoholi ya isopropili iliyochanganywa na maji, kisha litoe gari juani ulitazame kwa pembe mbalimbali. Ukiridhika, ndipo upake nta.

Juzi mwalimu mmoja wa Maseno aliniletea Fielder ya kijivu, mlango wa nyuma umechorwa na tawi. Alitaka mstari ule uishe kabisa. Nikamwambia, "Mwalimu, pitisha ukucha hapa." Ukakwama. Nikamweleza kilicho chini ya ukucha wake, na kwamba nikiufuata mstari ule hadi mwisho nitamwachia mlango usio na kinga dhidi ya jua. Akakubali niufifishe tu. Nilipiga mara mbili kwa pedi laini, basi. Ukisimama hatua tatu huuoni; ukiinama, upo. Kabla hajaondoka nilimpa vitambaa viwili na kumwonyesha kipi ni cha magurudumu.