Kabla ya Kujifunza Hadithi, Tafuta wa Kukuitikia

Watu wanaofuatilia kazi yangu ya kusimulia hadithi darasani na wodini hapa Bengaluru huniuliza zaidi swali moja: nianze na hadithi gani? Wengine ni walimu waliokuja India kusoma. Wengine wanauguza ndugu zao hospitalini, Chennai au hapa, siku hazisogei, mtoto yuko kitandani na hata simu imeshamchosha. Jibu langu halibadiliki. Hadithi zipo tele. Tafuta kwanza mtu wa kukuitikia.

Sisi tuliokulia Pwani hatuhitaji kufundishwa hili. Bibi akisema "Paukwa!" na asisikie "Pakawa!", hadithi haianzi usiku huo. India nako mwitikiaji ana cheo chake. Rajasthan na Gujarat msimuliaji wa kijijini huwa na mtu wa kumwitikia "hun" kila akimaliza kipande, na kazi hiyo ina jina: hunkaro. Katika Pandavani ya Chhattisgarh, ambamo visa vya Mahabharata, utenzi mkuu wa kale wa India, huimbwa na kuigizwa na mtu mmoja, mwitikiaji huitwa ragi. Mtazame Teejan Bai, mwanamke aliyefukuzwa na jamaa zake kwa sababu ya kuimba, na mwaka 2019 taifa likamtunuku Padma Vibhushan, nishani ya pili kwa ukubwa kwa raia wa India. Tambura yake, ala ya nyuzi, mara ni rungu la shujaa Bhima, mara ni upinde wa nduguye Arjuna. Lakini usimtazame yeye peke yake. Pembeni kuna ragi anayeuliza "ikawaje?", anayeshangaa, anayemkatiza ili apate kuvuta pumzi. Bila huyo, nguvu zote zile zingepotelea hewani.

Ndiyo maana nasema kufufua hadithi za mdomo ni kumfufua msikilizaji kwanza. Mfano mzuri ni dastangoi, usimulizi wa Kiurdu. Mir Baqar Ali, msimuliaji mkubwa wa mwisho wa Delhi, alifariki mwaka 1928. Maneno hayakupotea, kwani visa vya shujaa Amir Hamza vilikuwa vimeshachapwa na mchapishaji Naval Kishore wa Lucknow katika majuzuu 46. Kilichopotea ni kikao. Mwaka 2005 Mahmood Farooqui, akiongozwa na mtaalamu wa Kiurdu Shamsur Rahman Faruqi, alikirudisha kikao hicho jukwaani Delhi. Zamani msimuliaji alikaa peke yake. Siku hizi hukaa wawili waliovaa nguo nyeupe, mmoja akisema na mwenzake akimpokea. Kwangu mimi uamuzi wa kuwaweka wawili ndio uliouokoa usanii huu, kwa sababu hadhira iliyosahau kujibu inajifunza kwa kuwaona wao wakijibizana.

Darasani nimeona hivyo hivyo. Shule za mjini hapa zina watoto wa mafundi na vibarua wa ujenzi kutoka kila jimbo: huyu anasema Kiodia, yule Kitelugu, mwingine Kibengali, na Kikannada ndiyo kwanza wanaanza kukishika. Mtoto asiyejua lugha ya darasa hunyamaza, na akinyamaza muda mrefu watu huanza kumwona hana akili. Mpe yeye kazi ya kuitikia. Haihitaji msamiati. Anahitaji kukutazama usoni na kujua pale unapotua, basi. Nimekuwa nikiwapa zamu hiyo watoto wageni kabla ya wengine, na najua itikio limekolea pale mtoto anapoanza kuitikia kwa sauti mbalimbali: ya woga chui akitokea, ya dharau mfalme akijigamba. Hapo ameshaelewa zaidi ya mtihani wowote unavyoweza kupima.

Hakuna jipya hapa. Gijubhai Badheka, aliyewahi kuja Afrika Mashariki kutafuta kazi mwaka 1907 kisha akarudi kwao kuwa wakili, aliiacha sheria akaanzisha shule ya watoto wadogo Bhavnagar mwaka 1920, na hadithi ilikuwa moyo wa ufundishaji wake. Sera ya elimu ya India ya mwaka 2020 nayo inataja ufundishaji kwa njia ya hadithi. Mwalimu ukiulizwa na mkuu wa shule kwa nini unapoteza kipindi, taja sera hiyo kwa utulivu na uendelee.

Sasa, namna ya kuishika hadithi. Usiikariri neno kwa neno. Ishike kwa picha, uione, halafu useme unachokiona. Mafundi seremala wa Bassi, karibu na Chittorgarh, huchonga kaavad, kisanduku cha mbao chenye milango inayofunguka mmoja baada ya mwingine, yote imechorwa, mingi ikiwa na rangi nyekundu inayowaka. Msimuliaji hufungua mlango, hugusa picha kwa ncha ya unyoya wa tausi, husema, hufungua mwingine. Miongoni mwa picha hizo wamo hata mababu wa familia inayomsikiliza, kwa hiyo nyumba nzima hukaa macho ikingoja jina la marehemu wao litajwe.

Darasani tunatumia maboksi ya katoni. Kila mtoto anakunja milango yake, anachora, na ule wa ndani kabisa anauwekea mtu wa kwao. Msichana mmoja alichora mlango mtupu, akaupaka bluu tu. Wenzake walipofika hapo wakangoja. Akasema huo ni mto wa kwao uliofurika, nyumba iko chini yake. Kisha akafunga mlango, akafungua unaofuata, akaendelea. Sikumuuliza zaidi, na nakuomba nawe usiulize. Kisanduku kina milango ili mwenyewe achague wa kufungua na wa kufunga.

Hapo ndipo uponyaji unapoanzia, na hapo pia ndipo watu wanapoharibu. Hadithi haiondoi ugonjwa, na usimruhusu mtu yeyote akuambie inaondoa. Inachoweza kufanya ni kumrudishia mgonjwa nafasi ya kuamua jambo. Wodini mtoto haamui chochote: wakati wa sindano, chakula, wa kulala, vyote vinapangwa na wengine. Kwenye hadithi anaweza kuamua mamba atoke mto gani. Omba ruhusa kwa muuguzi wa zamu, kisha kwa mzazi, kisha kwa mtoto mwenyewe, na akikataa ondoka bila kununa. Kaa chini, macho yenu yalingane. Chagua kisa kifupi kinachoweza kukatwa katikati daktari akiingia.

Kisa changu cha wodini ni kile cha nyani na mamba, kutoka Panchatantra, mkusanyo wa kale wa hadithi za wanyama wa India. Nyani anakaa juu ya mzambarau, anamtupia rafiki yake mamba matunda. Mke wa mamba anautaka moyo wa nyani. Nyani katikati ya maji anasema ameuacha moyo mtini. Kisa hicho kinasimuliwa Zanzibar pia, kima na papa, na Edward Steere alikichapa kwa Kiswahili mwaka 1870, kwa hiyo ninapokisimulia huku nakuwa nyumbani. Siku moja katika wodi ya watoto wenye maradhi ya figo, kijana mmoja alinikatiza: "Na figo zake je? Alizibeba au nazo aliziacha mtini?" Mama yake aliinamisha uso. Mimi nikalirudisha swali kwa wengine. Mmoja akasema alizibeba, mwingine akasema aliacha moja amlindie moyo, wakabishana hadi chakula kikaja. Kama ningekuwa nasoma kitabuni, swali lile lisingepata pa kuingilia.

Hata wenye mila hii hawaitengi hadithi na mambo mengine. Wafugaji Warabari wa Rajasthan ngamia wao wakiugua humwita bhopa, msimuliaji ambaye pia ni kuhani, naye hutundika kitambaa kirefu chenye picha za Pabuji, shujaa wanayemwabudu, na kuimba usiku kucha kwa ravanahattha, ala ya nyuzi, huku mkewe akiinua taa pale kisa kilipofika. Wagonjwa, wafugaji, majirani, wote wapo. Mtu haachwi peke yake na balaa lake.

Jambo la mwisho ni fedha. Wasimuliaji hawa wengi ni wa tabaka zilizodharauliwa, na familia zilizokuwa zikiwalisha kwa ajili ya kazi hiyo zimeanza kuwafungia milango. Ukimwalika shuleni, mlipe kama unavyomlipa mgeni mtaalamu, kabla hajaanza, na mpe nauli ya kurudi. Usimrekodi bila ridhaa yake. Usimwambie afupishe kisa cha usiku mzima kiwe cha dakika kumi. Muulize yeye ni kipande gani kinaweza kusimama peke yake. Na siku hiyo waandae watoto mapema wajue kuitikia kwa namna ya huko anakotoka msimuliaji, ili akitua kwa mara ya kwanza akute darasa zima linamjibu.